Simu za matapeli: usiangalie namba, sikiliza anachokutaka ufanye. Na ukiripoti, andika saa

Nahodha_77 (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nimekaa na jambo hili siku kumi na mbili kabla ya kuliandika, kwa sababu lililompata ni mama yangu na ilibidi nimwombe ruhusa kwanza. Amenijibu: "Andika, ila usiandike kana kwamba nilikuwa mjinga." Sitaandika hivyo, maana hakuwa.

Alipigiwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Kwenye kioo likatokea jina la benki yake, kwa kuwa namba ile aliihifadhi mwenyewe kutoka nyuma ya kadi. Aliyeongea ni msichana mpole, hana pupa. Akamtaja kwa majina yake yote matatu, akataja tarakimu nne za mwisho za kadi, kisha akasema kuna mtu anajaribu kutoa fedha kwenye akaunti yake dakika hiyo hiyo. "Mama, usikate simu. Tukikatika tu, fedha zinaondoka." Ikaingia meseji yenye tarakimu sita. "Nisomee hizo namba nizuie muamala." Mama akasoma.

Sasa angalieni hapa. Meseji ile ilitoka benki kweli, na chini ya zile tarakimu imeandikwa usimpe mtu yeyote namba hii. Mama hakuyaona maneno. Simu ilikuwa sikioni, mtu anamhimiza, akaishusha mara moja, akaona tarakimu, akairudisha. Mtu akiwa anakimbizwa hasomi, anatafuta tu kile alichoambiwa akitafute.

Sehemu ya fedha iliondoka. Nyingine ilizuiwa kwa sababu nilikuwa chumba cha pili, nikasikia sauti yake imebadilika, nikatoka. Tulipiga benki kwa simu yangu, tukiandika namba kwa mkono, zikiwa hazijapita dakika nane.

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza watu wanaofanya kazi kwenye mitandao ya simu. Jambo nililojifunza ambalo nimeona linafaa uzi ni hili: sisi sote tumefundishwa kuitazama namba. Namba ngeni, kuwa makini. Namba unayoijua, pokea kwa amani. Somo hilo ndilo lililomponza mama yangu. Anayekupigia ana jambo moja tu asiloweza kulificha, nalo ni kile anachokutaka ufanye. Mwisho wa maneno yote lazima akuombe kitu: namba ya uthibitisho, nywila, kuhamisha fedha kwenda "akaunti salama", kupakua programu, kununua kadi za zawadi na kumsomea namba zake, au kubonyeza alama na tarakimu fulani kwenye simu yako. Na atakuomba sasa hivi, bila kukata, bila kumwambia mtu.

Naomba wenye ujuzi waongeze, na wenye visa vyao waviweke. Mama anasoma.

binti_wa_mwalimu

Pole sana kwa mama, na mfikishie shikamoo yangu. Hakuna ujinga hapo kabisa. Ila swali langu ndilo lile lile ambalo wengi watakuwa nalo: inawezekanaje namba ya benki ikapiga na wapigaji siyo benki? Waliingia kwenye mitambo ya benki?

Mtambo_Baridi

Dada, hawakuingia popote. Nimefanya kazi ya kuunganisha simu kati ya kampuni na kampuni kwa miaka mingi, nitajaribu kueleza bila kuwachosha.

Simu inapotoka mtandao mmoja kwenda mwingine, namba ya mpigaji inasafiri kama maelezo yaliyoambatanishwa. Ni kama barua yenye jina la mtumaji mgongoni mwa bahasha. Posta haikuulizi kitambulisho ndipo iamini jina uliloliandika. Mifumo hii ilijengwa enzi ambazo kampuni za simu zilikuwa chache, zinajuana, zinaaminiana. Baadaye zikaja simu za kupitia intaneti, na humo mpigaji anaweza kujaza namba yoyote anayoitaka kwenye sehemu ya mtumaji. Simu yako ikiipokea, inaitafuta kwenye orodha ya majina uliyoyahifadhi, inaikuta, inakuandikia "Benki". Jina hilo umeliandika wewe mwenyewe, halijatoka kwao.

Dawa ipo ila haijakamilika. Inaitwa STIR/SHAKEN: kampuni inayoanzisha simu inaitia sahihi ya kidijitali kusema "huyu mteja namjua na namba hii ni yake", na kampuni inayopokea inaikagua sahihi. Sahihi ina ngazi tatu, A, B na C. A maana yake mteja na namba vyote vinajulikana, C maana yake tumeipokea tu simu kutoka mlango fulani, hatumjui mwenyewe. Marekani iliwapa makampuni makubwa hadi tarehe 30 Juni 2021 wawe wameiweka. Tatizo ni kwamba sahihi hiyo inapotea simu ikipita kwenye mitambo ya zamani isiyo ya intaneti, na simu zinazotoka nje ya nchi mara nyingi hazina sahihi kabisa.

Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi. Namba kwenye kioo chukulia kama dai la mpigaji. Usiichukue kama kitambulisho.

KaziNaUtu

Nimekaa kwenye dawati la huduma kwa wateja la benki (siitaji) miaka sita. Naomba niongeze kutoka upande wa pili wa simu.

Benki inaweza kukupigia kweli. Inaweza kukuuliza kama muamala fulani ni wako. Jibu ni ndiyo au siyo, basi. Haihitaji ile namba ya uthibitisho kutoka mdomoni mwako, kwa sababu namba hiyo imetengenezwa na mfumo wetu ili mfumo uhakikishe ni wewe unayebonyeza. Kumsomea mtu ni kumkabidhi kidole chako. Ukiona mtu anaiomba, hapo hapo umemjua, hata kama anajua majina ya watoto wako.

Na hayo majina, tarakimu nne za kadi, tarehe ya kuzaliwa: msishangae wanayajua. Taarifa zinavuja kwenye maduka ya mtandaoni, kwenye fomu, kwenye akaunti zetu za mitandao. Tarakimu nne za mwisho za kadi zinachapwa hadi kwenye risiti. Mtu kujua habari zako hakumfanyi awe benki.

Kitu kimoja kiliniumiza sana kazini. Wateja wengi walikuwa wanaona haya kumkatia mtu simu. Wamelelewa kwa adabu, na tapeli anaijua adabu hiyo na anaitumia. Nawaambia kwa dhati: mfanyakazi wa kweli hakasiriki ukimwambia "nakata, nitapiga mwenyewe kwenye namba ya kadi." Sisi tulifurahi mtu akisema hivyo. Atakayebishana nawe, atakayekutisha, atakayekuambia "namba ya kadi haifanyi kazi leo", huyo umemaliza naye.

Ukipiga, iandike namba mwenyewe kutoka kwenye kadi au taarifa ya benki. Usibonyeze ile iliyokupigia kwenye orodha ya simu. Na ikiwa ni simu ya mezani, subiri dakika chache au tumia simu nyingine, kwa sababu kuna mbinu ya zamani ambapo tapeli hakati upande wake, laini inabaki wazi, anakupigia mlio wa kuashiria laini iko huru, wewe unabonyeza namba za benki huku yeye bado yuko pale pale anakusikiliza.

Msikilizaji2

Mimi nimeamua sipokei namba nisiyoijua, yeyote. Simu zote mbili kubwa sokoni zina mpangilio huo, iPhone inao tangu 2019, na simu za Android nyingi zinaonyesha onyo la simu taka. Nimepumzika.

Nahodha_77

@Msikilizaji2 inasaidia kwa simu taka za kawaida, wale wa mashine wanaouza bima na mikopo. Ila angalia tena kisa cha mama: namba iliyopiga alikuwa ameihifadhi. Mpangilio huo ungeipitisha bila swali. Pia wengine hatuwezi, tuna wagonjwa hospitali, tuna watoto shuleni, tunatafuta kazi. Namba ngeni inaweza kuwa daktari.

Mama_Wawili

Wakuu, mimi ninayoipata mara kwa mara ni simu inaita mara moja, inakata. Inatoka nchi ambayo simjui mtu. Siku moja nilirudisha, nikasikia kama mtu anasema subiri, muziki, subiri. Salio likaisha. Ni nini?

Mtambo_Baridi

Hiyo ina jina la Kijapani, *wangiri*: moja, kata. Mashine inapiga maelfu ya namba, inaacha iite mara moja, inakata. Wewe ukirudisha unapiga namba ya kimataifa yenye gharama kubwa kwa dakika, na sehemu ya gharama hiyo inamrudia mwenye namba kule. Ndiyo maana wanakuwekea muziki. Kila sekunde unayosubiri ni mapato yao. Kupokea hakukugharimu, kurudisha ndiko kunakokugharimu. Mtu mwenye shida na wewe atapiga tena au ataacha ujumbe.

Kuna nyingine inayofanana nayo: unapokea, kimya, inakata. Hiyo mara nyingi ni mashine inakagua kama namba yako iko hai na kuna binadamu anayepokea. Namba iliyothibitika inauzwa ghali kuliko isiyojulikana. Ukipokea, nyamaza sekunde mbili tatu. Binadamu atasema "haloo" wa kwanza. Na wale wa mashine wanaosema "bonyeza 9 kujiondoa kwenye orodha", usibonyeze. Umewajibu, basi wamejua upo.

jirani_mwema

Na hili la sauti za kuigiza? Nimesikia mtu anaweza kupigiwa na sauti ya mwanawe analia amekamatwa, kumbe siyo yeye.

Mtambo_Baridi

Lipo. Sauti ya mtu inaweza kunakiliwa na programu kutoka kwenye kipande kifupi cha sauti yake, na sauti zetu ziko kila mahali kwenye video tunazorusha. Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa na mashine yenye sauti ya kuigiza ya Rais Joe Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo. Tarehe 8 Februari mwaka huo mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikatamka kwamba sauti za akili bandia kwenye simu za mashine zinaangukia chini ya sheria yao ya 1991, yaani ni kosa kuzitumia bila ridhaa ya anayepigiwa. Aliyeipanga kazi ile alitozwa faini ya dola milioni 6.

Kama sauti ya rais inaigizwa, ya kijana wako haishindikani.

binti_wa_mwalimu

Kwetu tumeweka neno la familia. Neno moja ambalo hatujawahi kuliandika kwenye simu wala meseji. Yeyote akipiga kwa dharura ya fedha anaulizwa neno. Bibi yetu, ambaye haoni vizuri, ndiye aliyelishika kuliko sisi wote. Mara ya kwanza kaka yangu alipompigia akiwa na haraka ya kweli, bibi alimwambia "neno kwanza". Kaka alilisema.

Simba_Mkimya

Mimi nitakwenda kinyume nanyi kidogo. Kutambua sawa. Ila kuripoti ni kupoteza muda. Nimeripoti namba kama tano. Kesho yake wanapiga na nyingine. Wana namba zisizoisha. Heri kuzuia, kuendelea na maisha.

Mtambo_Baridi

Ndugu yangu, nakuelewa, lakini hapa nina la kusema kwa sababu nimewahi kukaa upande wa kupokea ripoti hizo.

Ripoti nyingi zinakuja hivi: "Namba hii ni matapeli, ifungieni." Hakuna kingine. Sasa, kama namba ni ya kughushi, mwenye nayo ni mtu asiye na habari, pengine mwalimu fulani amelala kwake. Tukiifunga tumemwadhibu yeye. Na ninyi mnaorudisha simu kutukana, mara nyingi mnamtukana huyo.

Kinachotusaidia ni SAA. Saa na dakika, tarehe, na namba YAKO iliyopigiwa. Kila kampuni inaweka kumbukumbu ya kila simu: imeingia kwa mlango gani, imetoka kwa nani. Nikipewa saa kamili, naitafuta simu ile, naona imeingia kutoka kampuni B. Namuuliza B, naye anaangalia kumbukumbu zake, anasema niliipokea kutoka C. Tunarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka tunamfikia aliyeiingiza kwa mara ya kwanza. Huyo ndiye mwenye mteja. Namba inaweza kughushiwa, njia iliyopita simu haighushiki kirahisi. Marekani walitunga sheria Desemba 2019 iliyoweka kazi hiyo ya kufuatilia nyuma kwenye mfumo rasmi, na kampuni za simu zilizokuwa zinafungua mlango kwa matapeli zimewahi kukatwa kwenye mtandao kwa sababu hiyo.

Kumbukumbu hizo zina muda wake, na kazi ya kumfuata mtu ni rahisi angali anapiga. Ripoti ya saa hiyo hiyo ina thamani kuliko ya wiki ijayo.

Kwa Kiswahili chetu kuna mtego mmoja: tukisema "saa nne", mpokeaji ripoti anaweza kuandika 4:00. Andikeni kama simu inavyoonyesha, 10:10, na kama ni asubuhi au usiku semeni.

Simba_Mkimya

Hili la saa sikulijua. Nilikuwa natuma namba peke yake. Nitabadilika.

KaziNaUtu

Na pa kuripoti ni zaidi ya mahali pamoja. Kama umetoa taarifa au fedha, benki au kampuni ya fedha KWANZA, kabla ya polisi, kabla ya kumpigia shemeji. Dakika ndizo zinazookoa fedha, kama ilivyokuwa kwa mama wa mleta uzi. Kisha kampuni yako ya simu, kisha polisi ili uwe na namba ya jalada, maana benki itaiuliza.

Kama hujapoteza kitu, kampuni ya simu na mamlaka ya mawasiliano wanatosha. Nchi nyingi zina namba fupi ya kupokea ripoti hizi. Uingereza ni 7726 (Marekani hiyo hiyo ni ya meseji za utapeli), tarakimu ambazo kwenye vitufe vya simu zinaandika neno "spam", yaani taka. Tanzania ni 15040. Uingereza tena wana 159, ambayo ilianza 2021: ukiwa na shaka na simu ya "benki" unakata, unapiga 159, unaunganishwa na benki yako ya kweli. Natamani kila nchi iwe na kitu kama hicho. Tafuta ya kwako leo, iweke kwenye simu ya mzazi wako kwa jina analolielewa.

Piga picha ya skrini ya orodha ya simu na ya meseji. Msifute meseji kwa hasira! Nimeona watu wengi wanafuta ushahidi wote halafu wanakuja kulalamika.

Na jihadharini na simu ya pili. Wiki moja baadaye anapiga "afisa" anasema fedha zako zimepatikana, lipa ada kidogo zirudishwe. Ni wale wale, au wameuziana orodha ya waliotapeliwa.

Msikilizaji2

Mimi huwa nawaweka kwenye simu nusu saa kuwapotezea muda. Nao waonje.

jirani_mwema

Mkuu, mimi niliacha baada ya kusoma taarifa ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, Agosti 2023. Walikadiria watu wasiopungua 120,000 Myanmar na kama 100,000 Cambodia wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya kazi za utapeli wa mtandaoni. Wengi walidanganywa na tangazo la ajira. Siwezi kujua anayenipigia ni bosi au mfungwa. Nakata tu, naripoti. Isitoshe, kadiri unavyoongea ndivyo unavyomwachia sauti yako na habari zako.

Nahodha_77

Ahsanteni sana wote. Kuna jambo moja nililolitaja juu juu kwenye mada ambalo nataka @Mtambo_Baridi alifafanue: kubonyeza alama na tarakimu. Mama aliniambia jana kwamba wiki moja baada ya tukio alipigiwa na mtu wa "kampuni ya simu", akaambiwa laini yake ina hitilafu, abonyeze nyota nyota 21 halafu nyota na namba fulani na alama ya reli. Hakukumbuka kama alimaliza.

Mtambo_Baridi

Kaka, simamisha kila kitu, chukua simu ya mama sasa hivi.

Nyota mbili, 21, nyota, namba, reli ni amri ya kuelekeza simu ZOTE kwenda namba nyingine. Ni amri halali, iko kwenye mitandao ya GSM (mfumo wa kawaida wa simu za mkononi) miaka yote. Tapeli akikufanya uibonyeze, simu zako zinaita kwake. Kisha anafungua WhatsApp yako kwenye simu yake, anachagua kupokea namba ya uthibitisho kwa kupigiwa, na simu hiyo inakwenda kwake. Benki nayo ikikupigia kukuuliza kuhusu muamala, anapokea yeye. India waliona hili limezidi, wakaamuru kampuni za simu zisimamishe huduma hiyo ya kubonyeza amri kuanzia 15 Aprili 2024.

Kwenye simu ya mama piga *#21# uone. Ikisema haijawashwa, sawa. Ukikagua na amri nyingine ukakuta simu zinaelekezwa laini ikiwa haipatikani au inatumika, usiogope mapema, mara nyingi hiyo ni sanduku la sauti la kampuni. Ninayoiogopa ni ya 21.

Nahodha_77

Imewashwa. Kuna namba. Siyo ya mtu yeyote tunayemjua.

Mtambo_Baridi

Piga picha ya skrini kwanza, namba ionekane. Kisha ##21# na upige. Kisha *#21# tena kuhakikisha. Ikigoma, ##002# inafuta maelekezo yote, baadaye mtarudisha sanduku la sauti. Halafu piga kampuni ya simu, wape namba hiyo na saa mliyoigundua, na umwulize mama siku na saa aliyopigiwa, hata kwa kukadiria. Orodha yake ya simu itasaidia. Na hii ni muhimu kuliko zote mlizonazo: namba ya kupokelea haiwezi kuwa ya kughushi. Lazima iite kwao kweli.

Nahodha_77

Imezimwa. Nimehakikisha mara mbili. Tumepiga kampuni ya simu, wamechukua namba, wametupa namba ya kumbukumbu. Simu ya wiki ile tumeikuta kwenye orodha: Jumanne, 15:42, dakika sita. Mama ameiandika mwenyewe kwenye daftari, na kesho tunaipeleka benki na polisi pamoja na ile ya kwanza. WhatsApp yake tumeweka uthibitisho wa hatua mbili.

Nimempigia kutoka simu yangu kujaribu. Imeita mkononi mwake.

binti_wa_mwalimu

Nimesoma hapo juu nikapiga *#21# kwenye simu ya baba. Haijawashwa. Naenda kwa shangazi.